Jozani, Mume Wangu na CD ya Queen

Tuliposhuka kwenye boti pale Malindi Ijumaa mchana, mimi na mume wangu tulikuwa tumetengana miezi tisa. Naanza na hilo ili usije ukadhani nakusimulia fungate. Yeye alikuwa nyumbani kwetu Tabata, mimi kwa mama yangu Tanga. Wazee wa pande zote mbili walishakaa vikao viwili, chai ikanywewa, hakuna kilichotoka. Ndipo akanipigia simu: “Njoo tuonane Unguja, wikiendi moja tu. Jumapili utaniambia unarudi au hurudi.” Nikakubali kwa sharti la vyumba viwili.

Kosa lake lilikuwa nini? Alichukua mkopo, akaweka hati ya kiwanja chetu dhamana, akakaa kimya mwaka mzima. Mwanamke mwingine ningejua pa kuanzia. Hili la kulala pembeni ya mtu anayekuficha karatasi, jamani, lilinishinda.

Jumamosi asubuhi tukakodi Suzuki Escudo iliyochoka, redio yake inakubali CD tu. Mume wangu akatabasamu kama mtoto wa Idi, akachomoa kwenye begi CD aliyorithi kwa kaka yake: The Cosmos Rocks, ya mwaka 2008. Huyu bwana ana wazimu na Queen. Kabla ya kutoka mjini alikuwa ameshanipitisha Shangani, kwenye jumba la makumbusho la Freddie Mercury lililofunguliwa 2019, akasimama mbele ya picha za yule kijana wa Kihindi wa dini ya Kiparsi, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa hapahapa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Mengine unayajua, na kama huyajui muulize mtu yeyote aliyewahi kupiga makofi uwanjani kwa mdundo ule wa Queen.

Kwa hiyo tulipoipita Tunguu, magitaa yalikuwa yanaunguruma na mimi nimenuna.

“Huyu anayeimba siye Freddie,” nikamwambia.

“Freddie alifariki 1991. Huyu ni Paul Rodgers, yule wa Free na Bad Company.”

“Sasa si wangeacha tu?”

Akapunguza sauti, akaanza somo. Albamu ya mwisho yenye sauti ya Freddie, Made in Heaven, ilitoka Novemba 1995, miaka minne baada ya kifo chake. Wenzake waliijenga juu ya sauti alizowaachia. Katika wimbo mmojawapo, Mother Love, Freddie aliimba akiwa mgonjwa sana, beti la mwisho likamshinda, akasema atarudi kulimalizia. Hakurudi. Brian May, mpiga gitaa, akaliimba yeye. Ukiusikiliza unasikia pale sauti inapobadilika, hawakuficha. Halafu ikapita miaka 13 bila albamu ya nyimbo mpya, mpaka hii. Mpiga besi John Deacon alishastaafu 1997 na hakutaka kurudi. Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor wakabaki wawili, wakamkaribisha Rodgers, besi wakapiga wenyewe. Na hawakujiita Queen peke yake. Walijiita Queen, alama ya kujumlisha, Paul Rodgers. Albamu wakaitoa kwa heshima ya Freddie.

“Hiyo alama ya kujumlisha ndiyo naipenda,” akasema. Nikatazama minazi. Nilijua anakoelekea, sikutaka kumsaidia kufika.

Jozani iko kama kilomita 35 kutoka mjini, na utajua umefika kwa sababu barabara inaanza matuta. Yamewekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka kutoka msituni kwenda mashambani, maana zamani walikuwa wakigongwa na magari ovyo. Ukilipa kiingilio unapewa mwongozaji. Wetu alikuwa mzee mwenye fulana ya kijani na viatu vya plastiki. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia “Marahaba wanangu, karibuni,” akatutazama, akaamua mwenyewe kwamba ni maharusi. Hatukumsahihisha.

Ndani ya msitu joto linakatika ghafla. Maji ya ardhini yako karibu sana, ndiyo maana miti imesongamana, mizizi imetambaa juujuu na nchi inanukia udongo mbichi. Mzee alituonyesha mitondoo mikubwa na mitende ya porini, akatueleza kwamba mahali hapa pamekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, pamoja na mikoko ya Ghuba ya Chwaka. Lakini tusidanganyane, watu wanakuja kwa ajili ya kima.

Na kima wenyewe hawana makuu. Mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zimesimama kama wameshtuliwa usingizini, mkono hauna dole gumba. Asili yao ni Unguja tu, huwapati kwingine duniani isipokuwa wachache waliopelekwa Pemba. Hesabu ya miaka ya karibuni ilipata zaidi ya 5,800, na bado wamo katika hatari ya kutoweka. Matunda yaliyoiva hawayawezi, sukari inawavuruga tumbo, kwa hiyo wanakula majani na matunda mabichi. Mmoja alikaa hatua mbili kutoka kwangu, anatafuna, ananitazama kama karani anayesubiri nimalize kujaza fomu.

“Hawa wanakula na mkaa,” mzee akasema.

Nilidhani utani. Ni kweli kabisa, wataalamu wameandika. Majani ya miembe na mikungu mashambani yana vitu vinavyowachafua tumbo, basi kima wanatafuta mkaa kwenye matanuri na visiki vilivyoungua, wanaula, unanyonya ile sumu. Watoto wanajifunza kwa mama zao.

“Kwa nini wasiyaache hayo majani?” nikauliza.

“Wayaache wale nini, mwanangu? Majani wanayapenda.”

Mume wangu akanigeukia. Nikamwambia, “Usithubutu,” akacheka mpaka kima akahama tawi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Machi.

Upande wa pili wa barabara, kule Pete, kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko. Ukienda, nenda maji yakiwa yametoka uone kaa wakikimbilia mashimo yao, kisha ukiweza subiri yarudi. Mzee alituacha tukae. Pale ndipo nilipomuuliza swali ambalo vikao viwili havikuliuliza: kimebaki kiasi gani?

Akatoa simu, akafungua taarifa ya benki, akanipa mkononi. Marejesho manne. Alikuwa amefanya kazi ya usiku ya kukagua hesabu za maduka ya Kariakoo tangu nilipoondoka. Nilisoma mstari kwa mstari, mbu wananiuma, naye kimya. Kilichonigusa, nikikwambia ukweli, hakikuwa kiasi. Ni kwamba hakunisomea yeye.

Tulirudi garini CD ikaendelea pale ilipoishia. Sasa naomba nitoe hukumu yangu, maana nimeisikiliza yote. Pale wanapojaribu kuwa Queen wa zamani, albamu inachosha. Rodgers ni mwimbaji wa bluzi, kifua kizito, ukimvisha makeke ya Freddie yanampwaya. Wachambuzi wengi waliiponda, japo Uingereza ilifika nafasi ya 5, na mwaka 2009 ushirikiano wao ukaisha. Lakini upo wimbo Say It's Not True, alioutunga Taylor kwa ajili ya kampeni ya Mandela ya 46664 ya kupambana na UKIMWI, ugonjwa uliomchukua Freddie. Wanaupokezana: Taylor kwanza, kisha May, Rodgers mwishoni. Wanaume watatu watu wazima, hakuna anayemwigiza marehemu. Huo niliomba aurudie.

Tukiwa kwenye tuta la mwisho kima wakaanza kuvuka, mama na mtoto kifuani, kisha wengine saba. Injini imezimwa, muziki umezimwa.

“Nyumba ile ya zamani sirudi,” nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, macho barabarani.

“Karatasi zote zinakuwa na majina mawili. Na mkopo, hata wa elfu hamsini, tunaenda benki wote.”

“Sawa.”

“Jumatatu naomba ruhusa kazini. Tutaanza na hiyo hati.”

Nyuma yetu daladala ikapiga honi. Kima wa mwisho alikuwa ameketi katikati ya lami anajikuna, hana haraka, ikabidi mume wangu ashuke amwombe apite.