Kabla hujafuta, angalia kwanza

Sisi tuko Nakivale, Uganda. Leo tunawaandikia kosa letu wenyewe ili nyinyi msilirudie.

Tuko na kompyuta moja tunayotumia kwa zamu. Ndani yake kuna programu ndogo ya mahudhurio ya masomo ya jioni, inaendeshwa ndani ya kontena la Docker. Siyo lile la chuma la kwenye malori, hapana. Ni kama chumba kilichofungwa, programu inaishi humo na vyombo vyake vyote.

Shida ni kwamba kila mmoja wetu alikuwa anaingia humo na kurekebisha kitu. Huyu kabadilisha mpangilio, yule kaongeza faili, mwingine kafuta. Hakuna aliyeandika popote. Programu ikaanza kugoma. Kaka mmoja akasema, "Tulifute tu, tuwashe jipya." Karibu tukubali. Dada mmoja akauliza, "Na mahudhurio ya miezi mitatu yako wapi?"

Kimya.

Kontena ukilizima na kuliwasha tena, vitu vyake vinabaki. Ukilifuta, kila kilichoandikwa ndani yake kinaondoka nalo, isipokuwa kilichowekwa nje kwenye volyumu. Sisi hatukuwa na volyumu. Na bila mahudhurio, wenzetu 22 wasingepata barua ya kuonyesha kwamba wamesoma.

Basi tukaandika docker diff na jina la kontena. Orodha ikashuka: A ni kilichoongezwa, C kilichobadilishwa, D kilichofutwa. Faili la mahudhurio lilikuwepo, lina A mbele yake. Tukalitoa kwa docker cp. Jamani, tulipiga makofi!

Lakini orodha ile inasema tu faili gani limeguswa. Haisemi nani kaligusa, wala neno gani limebadilika ndani yake. Hayo tuliulizana wenyewe, uso kwa uso, na wengine walinuna.

Sasa mahudhurio yako kwenye volyumu, na tumekubaliana: ukitaka kubadilisha kitu, andika kwenye Dockerfile, usiingie ndani kimyakimya. Tena mjue, docker diff haionyeshi yaliyo kwenye volyumu, kwa hiyo hayo tunayanakili kila Jumamosi.

Wengi wetu vyeti vyetu vilibaki kwenye nyumba tulizokimbia. Barua zile 22 zimeshatoka, kila mtu kaishika yake mkononi.

Mwenye swali atuandikie hapa chini, tutajibu kompyuta ikifika zamu yetu.