Uyole: Mita 2.37 Kutoka Ukutani

Mwambie mtu wa Dar kwamba wikiendi unaenda Uyole, atakuuliza kama una msiba au unafuata viazi. Kwa wengi wetu Uyole ni njiapanda tu: malori ya Tunduma yananyoosha, ya Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi yanakata kushoto, na wewe uko dirishani unabishana bei ya ndizi. Wajuzi kidogo watakutajia kituo cha utafiti wa kilimo, maana maharage ya Uyole Njano yamepita kwenye masufuria mengi nchini.

Mimi nilimfuata mume. Kahamishiwa Mbeya kikazi, mimi nimebaki Dar, katikati kuna kilometa zaidi ya 800. Wenye ndoa za namna hii mnajua simu zetu zinavyokuwa. Ada umetuma? Luku imeisha? Fundi kaja? Mapenzi yanageuka kikao cha bajeti. Safari hii tukakubaliana: siku mbili, hakuna kutaja hela. Ilipofika saa kumi jioni ya siku ya kwanza tulikuwa tumeishiwa maneno. Kimya kile kilinitisha kuliko ugomvi wowote.

(Ushauri wa haraka kwa wasafiri: basi la kutoka Dar linafika Uyole kabla ya Mbeya mjini, kwa hiyo shuka hapo hapo. Na beba sweta la maana. Baridi ya Juni na Julai huku haina utani.)

Usiku tukaingia baa moja jirani na njiapanda, tukaagiza nyama na ndizi za kuchoma. Ukutani kulikuwa na ubao wa vishale, mbele yake vijana watatu na dada mmoja aliyejifunga kitenge juu ya jaketi. Kati ya mizunguko walikuwa wanaangalia video kwenye simu, na habari ilikuwa moja tu: Mkenya.

Kama ilikupita, ni hivi. Desemba 2025, David Munyua, daktari wa mifugo, aliingia Alexandra Palace jijini London akiwa Mkenya wa kwanza kucheza ubingwa wa dunia wa vishale wa PDC. Mpinzani wake alikuwa Mike De Decker wa Ubelgiji, bingwa wa World Grand Prix 2024. Munyua akafungwa seti mbili za kwanza. Watu wakaanza kuaga. Akashinda tatu zilizofuata, 3-2! Raundi ya pili alitolewa, lakini nani anajali? Januari 2026 Luke Littler, Mwingereza wa miaka 18, alichukua taji hilo kwa mara ya pili mfululizo, na pauni milioni 1 mkononi. Munyua alifika pale akiwa bado anatibu mifugo.

Ndiyo maana vijana wa Uyole hawaangalii video ile kama sinema. Tanzania tuna chama cha vishale, TADA, na wachezaji wenye jicho wapo. Ila kati ya ubao wa baa na London kuna nauli, viza na likizo ambayo bosi hatoi. Hapo ndipo vipaji vingi vinaishia, kwa maoni yangu, wala si kwenye mkono.

“Dada, karibu urushe,” yule wa kitenge akaniambia. “Na shemeji aje.”

Mchezo wenyewe ni hesabu. Unasimama mita 2.37 kutoka kwenye ubao, kitovu chake kiko mita 1.73 juu ya sakafu. Unaanza na 501, unarusha vishale vitatu, unatoa ulichopata, na lazima umalizie sifuri kamili kwa kishale cha kwenye pete ya nje inayozidisha mara mbili, au katikati kabisa. Nguvu haina kazi hapa. Mwaka 2019 Fallon Sherrock aliwatoa wanaume wawili katika ubingwa huo huo wa dunia, mwanamke wa kwanza kushinda mechi pale.

Tukacheza timu moja, mimi na mume wangu, dhidi ya wenyeji. Yeye anarusha, mimi natoa. Nikikosea anacheka, akikosa namsema. Kufika saa nne nilikuwa nimesikia habari ya mpangaji mwenzake anayekoroma, ya bosi wake mpya, na kwamba Jumapili jioni huwa hapiki kwa sababu hapendi kula peke yake. Miezi saba hajaniambia hilo.

Wenyeji walibakiza 40, sisi 32.

“Shemeji, 32 ni nzuri,” yule dada akamwambia. “Lenga 16 ya nje. Ukiangukia ndani unabaki na 16, unahamia 8 ya nje. Ukikosa tena, 4.”

Akaangukia ndani. Akahamia 8, akaangukia ndani tena. Kishale cha mwisho akanikabidhi mimi.

“Nne ya nje,” akasema. “Usiharakishe.”