Ulimi Hufuata Sikio

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya hapa Uganda, tulikuwa na mwanafunzi mwenye kigugumizi. Kila tulipomsimamisha asome, silabi ya kwanza ilimganda kinywani, wenzake wakacheka, nasi (twakiri kwa haya) tukamwamuru aseme upesi. Tulidhani ni woga. Baadaye tuliacha kabisa kumwita, tukajiona tumemhurumia.

Siku moja tulifundisha shairi la mizani 16 kwa kila mshororo. Tulilighani wenyewe, darasa likaitikia, kisha wakaja mmoja mmoja. Zamu yake tulitaka kuiruka. Akasimama bila kuitwa, akalighani lote, asikwame hata mahali pamoja. Alipojaribu kueleza maana ya ubeti wa kwanza, kigugumizi kikarudi.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta vitabu. Kumbe asemaye hujisikiliza: sauti yake humrudia kwa hewa na kwa mifupa ya kichwa, nao ubongo huilinganisha na ile uliyoikusudia. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alieleza kuwa msemaji hodari, akisikilizishwa sauti yake ikiwa imecheleweshwa kidogo tu, huanza kubabaika na kurudiarudia silabi. Kiasi cha sehemu moja ya tano ya sekunde chatosha kumvuruga. Ajabu ni kwamba baadhi ya wenye kigugumizi, wakicheleweshewa sauti vivyo hivyo, husema kwa wepesi zaidi! Nao wengi wao hawakwami waimbapo, au wasomapo pamoja na mwingine kwa sauti moja. Wako pia watu ambao kiharusi kimewaumiza upande wa kushoto wa ubongo, wakapotewa na usemi, lakini maneno ya wimbo wa zamani bado huwatoka. Yaonekana mahadhi na mapigo huupa ubongo njia nyingine, ingawa wataalamu wangali wakibishana juu ya njia hiyo.

Tulimwomba kijana radhi mbele ya darasa. Akajibu, kwa taabu, “Mwalimu, neno huwa ninalijua.”

Tangu siku hiyo alisoma pamoja na jirani yake wa dawati, sauti kwa sauti. Hakupona. Mwisho wa mwaka walianza aya pamoja, na katikati jirani akanyamaza kama tulivyopatana. Alikwama mara tatu. Darasa lilimngoja.