Polenta ni Ugali Uliopanda Cheo

Polenta ni unga wa mahindi, maji na chumvi. Unachemsha maji, unamwaga unga, unasonga mpaka mkono uchoke. Kaskazini mwa Italia, pande za Veneto na Lombardia, waliusonga kwa mti mrefu ndani ya chungu cha shaba, wakaumwaga juu ya ubao, wakaukata kwa uzi. Ondoa ubao na uzi, huo ni ugali. Tusizungushane.

Niliingia kwenye hadithi hii kupitia kazi. Mteja wa mtandaoni alitaka makala kuhusu mapishi ya Italia, na kwenye maagizo yake neno "asili" lilikuwa limerudiwa kuliko chumvi. Alitaka bibi kizee, kijiji cha mlimani na mapishi ya karne na karne. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo, naishi keja ya chumba kimoja, na ugali ndio uliokuwa chakula changu cha mchana na cha usiku. Kwa hivyo nilipoona polenta imepambwa kwenye menyu za mahoteli ya kifahari, nilicheka. Kisha nikaendelea kusoma na kicheko kikakauka.

Kwanza, mahindi yenyewe si ya Italia. Yalitoka Amerika baada ya safari za Columbus, na kufikia karne ya 16 yalikuwa tayari yanalimwa Veneto. Kabla ya hapo watu walisonga unga wa ngano za kale, wa mtama, hata wa njugu za kastana. Waitalia waliyaita mahindi granoturco, yaani nafaka ya Kituruki. Sisi tukayapa jina linaloelekeza kidole India. Wenyewe, watu wa Mexico, hawakuulizwa na yeyote.

Mahindi yalipendwa kwa sababu shamba dogo lilitoa mavuno mengi kuliko ngano. Na hapo ndipo ujanja ulipoingilia. Mwenye shamba alichukua ngano akaiuze mjini, mkulima akaachiwa mahindi. Kufikia karne ya 18 na ya 19, kuna familia zilizokula polenta asubuhi, mchana na jioni, bila nyama, bila maziwa, na mboga kwa nadra. Husimuliwa kwamba wengine walitundika samaki mmoja mkavu juu ya meza, kila mtu akamgusisha tonge lake apate ladha, na samaki akabaki pale pale hadi kesho. Si hata sisi tuna ule mzaha wa kula ugali kwa harufu ya nyama ya jirani?

Halafu ugonjwa ukaja. Ngozi ya mikono na shingo, pale jua linapopiga, ilichubuka na kukakamaa. Tumbo likaharisha. Akili ikavurugika, wengine wakaishia kwenye hospitali za wagonjwa wa akili, wengine kaburini. Mwaka 1771 daktari wa Milano, Francesco Frapolli, aliuandika ugonjwa huo kwa jina ambalo wanakijiji walikuwa wakilitumia: pellagra, ngozi iliyoharibika. Wasomi walibishana kwa zaidi ya miaka mia moja. Cesare Lombroso, mtu mwenye jina kubwa wakati huo, alishikilia kwamba tatizo ni mahindi yaliyoota ukungu. Wengine walisema tatizo ni umaskini. Hao wa pili ndio waliokuwa karibu na ukweli.

Kilichokosekana mwilini ni niasini, vitamini B3. Mahindi yanayo, lakini imefungwa ndani na mwili hauwezi kuifikia. Kule Mexico, tangu zamani, watu huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na hilo huifungua. Wazungu walibeba mbegu, wakaacha mapishi. Ni mwaka 1937 tu ndipo sayansi ilipotambua kwamba niasini ndiyo dawa.

Katikati ya hayo Italia ilizaliwa kama nchi moja mwaka 1861. Mwaka 1891 mfanyabiashara mstaafu, Pellegrino Artusi, alilipia mwenyewe uchapishaji wa kitabu cha mapishi ambacho baadaye kiliingia katika nyumba nyingi nchini humo. Ni kitabu cha watu wenye sebule. Walaji wa polenta walikuwa bandarini. Kati ya 1876 na 1915, watu wapatao milioni 14 waliihama Italia, na wengi wa Veneto walielekea Brazil na Argentina. Waliobaki kaskazini walitukanwa na watu wa kusini kwa jina polentoni, wala polenta. Mkenya hahitaji mkalimani hapo. Sisi pia hutaniana kikabila kwa sahani: hawa na samaki wao, wale na viazi vyao, wengine na mlima wa ugali.

Na ugali wetu je? Mahindi yaliletwa pwani na Wareno. Bara watu walikula wimbi na mtama kwa muda mrefu, kisha mashamba ya walowezi yakaja na posho: unga uliopimwa na mwajiri, wa kumtosha mfanyakazi kurudi kazini kesho. Sisemi ugali si wetu. Nasema tu kwamba kama ilivyokuwa Veneto, kuna mtu aliyefaidika tulipouzoea.

Kilichotuokoa sana ni cha pembeni: sukuma, maharagwe, omena, maziwa lala. Tangu 2012 sheria inataka unga wa pakiti uongezwe virutubishi, niasini ikiwemo. Geuza pakiti usome. Lakini unga wa kusagisha mtaani hauna pakiti ya kusomwa, na ndio unaonunuliwa na wenye pesa kidogo.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia siasa za bei ya unga, masikio yanasimama. Unga wa bei rahisi ni jambo jema, nami nimeutegemea. Ila mkulima wa Veneto alikuwa na unga kila siku. Alikufa ameshiba. Kwa hivyo mwanasiasa akikuja kwenu na ahadi ya unga, mpigie makofi ukitaka, kisha umuulize mboga iko wapi.