Gari lililopiga magoti na mama mkwe ndani

Kama una mama mkwe utanielewa upesi. Mwaka wa 2019 mama mkwe wangu, mkazi wa Ol Kalou, aliteleza shambani akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akatiwa vyuma, na daktari akataka kumwona Nairobi kila mwezi. Gari letu dogo lilikuwa likimrusha kila tuvukapo tuta. Kwa heshima zake hakulalamika. Alishika tu mkono wa mlango na kufumba macho. Mke wangu alikuwa akimtazama kwenye kioo. Jioni moja akaniambia, "Baba Wambui, tutafute gari lingine."

Nikaenda kwa wauzaji wa magari ya mitumba. Muuzaji akanionyesha jitu moja jeusi la viti saba, lililotoka ng'ambo. Akabonyeza kidude, gari likainuka. Akabonyeza tena, likashuka taratibu. "Mzee, hili halina springi za chuma. Linakalia hewa!" Tulipozunguka nalo mtaani, kwa hakika ilikuwa kama kuketi juu ya wingu. Nikalipa. La kuuliza hiyo hewa imetiwa ndani ya nini, halikunijia asilani.

Miezi mitano tulistarehe. Gari lilishuka mama apande bila taabu, kisha likainuka, tukaondoka. Mwezi wa sita, tukitoka kliniki, tulisimama Gilgil tunywe chai. Tuliporudi, lahaula! Gari lilikuwa limepiga magoti kama ngamia, tairi za nyuma zimezama ndani ya madigadi. Nilipoliwasha, kompresa ilinguruma kidogo ikanyamaza, na taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Tulikwenda mwendo wa konokono hadi Ol Kalou, gizani, chuma kikigonga chuma kila penye shimo. Mama mkwe hakutamka neno mpaka tulipofika langoni. "Baba Wambui," akasema kwa upole, "mwezi ujao nitapanda matatu."

Msomaji, maneno hayo yaliniuma kuliko bei ya kompresa.

Fundi mmoja mzee wa Grogan, Nairobi, ndiye aliyenifungua macho. Alinionyesha mfuko wa hewa alioutoa: ni mpira tu, na mpira huzeeka hata kama gari halitembei sana. Pale unapojikunja ndipo nyufa huanzia. Hewa huvuja usiku, asubuhi kompresa hulazimika kuujaza upya. Kompresa hizo zimeundwa kufanya kazi kwa muda mfupi kisha zipumzike. Ikishindana na mfuko unaovuja, huungua. Kwa hivyo anayepuuza mfuko mmoja hununua mfuko na kompresa pia.

Nikamwuliza, basi ninunue lenye springi za mapande, zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama kwenye lori? Akacheka. Hizo hazishindwi na mzigo, lakini ndizo zitakazomrudishia mama maumivu yake. Zimepimwa kwa kubeba magunia. Gari likiwa na watu wawili watatu, hurusha. Hata Toyota walipotoa Land Cruiser 80 mwaka wa 1990, waliyaacha mapande ya ile ya 60 na kuweka koili mbele na nyuma. Range Rover ilikuwa na koili tangu ile ya kwanza ya mwaka wa 1970.

Koili ni chuma kilichozungushwa mfano wa kile kilicho ndani ya kalamu, ila hiki ni kinene. Hakina waya wala hewa. Kikichoka, gari hushuka kidogo, lakini unafika nyumbani. Utulivu wenyewe, fundi akasisitiza, hautoki kwenye koili peke yake. Springi hubeba, shokomzoba ndiyo inayozuia gari lisiendelee kudundadunda. Ukiona mafuta yamechirizika kwenye shokomzoba, au bushi zimepasuka, usimlaumu koili. Na hizo rimu kubwa zenye mpira mwembamba, ambazo vijana wetu wanazipenda mno, huharibu raha ya springi yoyote ile, kwa kuwa mpira mnene ndio unaomeza kishimo cha kwanza.

Sitaki kuionea hewa. Ukilijaza gari abiria na mizigo, hewa hulisawazisha lisiinamie nyuma, jambo ambalo koili ya kawaida haiwezi. Anayelitunza na kubadilisha mifuko kabla haijapasuka atafurahi. Lakini sisi wa mitumba hununua gari ambalo mifuko yake tayari imekula miaka.

Ukilipenda hata hivyo, liegeshe jioni mahali tambarare. Chukua utepe wa kupimia, pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, uandike. Rudi asubuhi upime kabla halijawashwa. Kona moja ikiwa imeshuka kuliko nyingine, muage muuzaji. Akikataa lilale hapo usiku mmoja, muage vile vile. Na tafadhali, usijiingize chini ya gari lililoinuliwa na hewa yake; hewa ikitoka, litakushukia. Liweke kwanza juu ya stendi za chuma.

Mafundi wengine waliniambia wang'oe mifuko waweke koili. Inawezekana, lakini taa za dashibodi zitalalamika mpaka zitulizwe, na lile la kupanda na kushuka unaliaga. Mimi nililitengeneza, nikaliuza, na mnunuzi nikamweleza yote. Alinipunguzia bei hadi nikakaribia kujuta kusema kweli.

Tulilonunua ni la zamani kuliko lile, la koili pande zote nne. Nilibadilisha shokomzoba na bushi kabla ya safari ya kwanza. Ni refu, wala halishuki, kwa hiyo Wambui hubeba kigoda nyuma amwekee nyanya yake apandie. Safari ya kwanza mama alikishika mkono wa mlango kama kawaida yake. Tulipopita Gilgil, mke wangu alinigusa bega, akanionyesha kioo. Mkono ulikuwa umeachia mlango, na mama alikuwa amelala.