Anayeacha ni Aliye Hai: Wosia kwa Vijana Wanaokwenda Maskani

Wanangu na wajukuu zangu mnaojitolea,

Miguu yangu haiwezi tena vichochoro vya Temeke wala kuruka mifereji alfajiri, nami nimeona ni haki niwaachie kwa maandishi yale niliyokuwa nikiwaambia kwa mdomo tukiwa njiani. Mali ya kugawa sina. Nilicho nacho ni kazi hii ya kuwahudumia wanaotumia heroini, ambayo mtaani tunaiita unga, na leo naikabidhi kwenu.

Neno langu kubwa ni moja, na mengine yote yanatoka humo: msimwekee mtu masharti ndipo astahili kuishi. Wengi watawaambia, "Aache kwanza, halafu tumsaidie." Mimi nawaambia anayeacha ni aliye hai. Maiti haiachi unga. Kijana anayejidunga leo akipata sindano safi, akatibiwa jipu lake, akaokolewa siku aliyozidisha kipimo, akameza dawa zake za VVU, huyo kesho atakuwepo, na akitaka kuacha atakuwa na siku ya kuachia. Kesho asipoacha, bado ni mtoto wa mtu, na bado mtamwendea.

Watawajibu kwa methali kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli na wanangu nimewalea kwayo. Lakini mzazi anayemwadhibu mwanawe anategemea mtoto ataamka asubuhi akiwa amejifunza. Hakuna mhenga aliyetuusia tumwache mtu afe ili jirani wapate funzo.

Ni vizuri mjue tulikotoka. Heroini iliingia kwetu pwani tangu miaka ya 1980, na kwa muda mrefu watu waliivuta. Unga mweupe unaoyeyuka kirahisi kwenye maji ulipozagaa Dar es Salaam, kuelekea mwaka 2000 na baada yake, mabomba ya sindano yakaingia maskani, yaani vijiwe wanapokusanyika watumiaji, na pamoja nayo VVU na homa ya ini aina ya C. Tafiti zilizofanyika jijini zilikuta zaidi ya mmoja kati ya watatu wanaojidunga anaishi na VVU, wakati kwa watu wazima wa nchi nzima ilikuwa kama mmoja kati ya ishirini. Mwaka 2005 mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake waliripoti jambo lililoishtua dunia. Baadhi ya wanawake wa Dar es Salaam, mmoja akishajidunga, alivuta damu yake mwenyewe ikajaa bombani, kisha akampa mwenzake ajidunge damu ile kwa imani kwamba ina unga ndani yake. Aliyepewa alikuwa na arosto, maumivu ya kukosa unga, na hana hela ya kununua kete. Litafakarini hilo, wanangu. Huruma ilikuwepo pale, tena kubwa. Kilichokosekana ni sindano safi na mtu wa kuwaeleza hatari iliyomo. Ninyi ndio mtu huyo.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikafungua kliniki ya methadoni, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoa mingine. Wenzetu wa Kenya walianza mwishoni mwa mwaka 2014. Methadoni ni dawa ya maji, kwa kawaida mtu anainywa kila siku mbele ya mhudumu, inamtoa kwenye arosto kwa siku nzima bila kumlevya ikiwa kipimo chake ni sahihi. Sasa jiulizeni, hao wagonjwa wa kwanza walifikaje Muhimbili? Walipelekwa na asasi za mitaani, na watu waliokuwa tayari wanajulikana maskani kwa majina. Daktari ana dawa, lakini njia ya kutoka kijiweni hadi dirisha la dawa inapitia mikononi mwenu. Na msidharau nauli. Mtu anayetakiwa kufika kliniki kila siku ya Mungu, akikosa pesa ya daladala siku tatu, ya nne hamtamwona. Ulizeni nauli kabla hamjauliza msimamo.

Kuhusu kufika maskani, shikeni adabu za kubisha hodi. Ile ni nyumba ya watu hata kama haina paa. Simameni kando, toeni salamu, mtafuteni mkubwa wa pale, mwelezeni mmeleta nini. Mkono mtupu haulambwi: nendeni na sindano, sabuni, bandeji na maji ya kunywa. Ketini wanapokaa wao. Msiulize majina, na wakiwapa majina yatumieni. Msipige picha, hata ya mgongo.

Tena jifunzeni saa ya kuzungumza. Mwenye arosto anapiga miayo, kamasi zinamtiririka, tumbo linamsokota, mifupa inamuuma. Huyo hasikii nasaha ya mtu. Aliyetoka kujidunga sasa hivi anasinzia, naye hasikii. Katikati ya hali hizo mbili kuna muda mfupi ambao mtu yuko sawasawa, anaongea habari za mama yake na mpira wa jana. Muda huo ndio wenu. Mkiuvizia kwa subira mtashangaa ni mangapi mtaambiwa bila kuuliza.

Sindano moja ni ya mtu mmoja kwa mara moja. Lakini msiishie kwenye sindano, maana kirusi cha homa ya ini kinapita pia kwenye kijiko, pamba na maji wanayochangia. Mnapookota zilizotumika, vaeni viatu vya kufunika mguu, tumieni koleo, msirudishe kifuniko kwenye sindano hata siku moja, tumbukizeni kwenye boksi la sindano na mlipeleke kituo cha afya likachomwe. Mtaa ukiona mmezoa sindano kwenye uwanja wanapochezea watoto, mtakuwa mmejibu nusu ya matusi mnayotukanwa bila kufungua mdomo.

Sasa sikieni habari ya kuzidisha, maana hapo dakika ndizo zinazoamua. Mtu aliyezidisha anakoroma kwa mkoromo wa ajabu, kama anayesongwa, au yuko kimya kabisa. Midomo na kucha zinageuka rangi ya majivu. Mwite kwa sauti, msugue kifuani kwa vifundo vya ngumi. Asipoitika, tuma mtu aite msaada, mlaze chali, inua kidevu, toa kilichomo mdomoni, mzibe pua umpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde tano, ukiangalia kifua kinapanda. Kama kuna naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga, mpeni. Itafanya kazi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake inaweza kuisha kabla ya ile ya unga, kwa hiyo msiondoke. Akianza kupumua mwenyewe, mlazeni kwa ubavu na mkae naye. Msimmwagie ndoo za maji, msimnyweshe maziwa, msimdunge maji ya chumvi. Yote hayo yanapoteza muda na mengine yanaua.

Na mjue nani yuko hatarini zaidi. Ni yule aliyetoka gerezani juzi, aliyemaliza miezi yake nyumba ya upataji nafuu, aliyepumzika mfungo mzima akarudi baada ya sikukuu. Mwili wake umesahau, lakini mkono unakumbuka kipimo cha zamani. Naye yule anayechanganya unga na pombe au vidonge vya usingizi. Hao wafuateni kabla hawajawafuata, waambieni waanze kidogo na wasijidunge peke yao. Mtu akiwashutumu kwamba mnafundisha kutumia, mwambieni mnafundisha kutokufa.

Wanawake msisubiri muwaone kijiweni. Wengi wanajificha vyumbani, kwa sababu mwanamke anayetumia anatukanwa mara mbili, na mwenye mtoto anaogopa kunyang'anywa. Wapelekewe huduma na wanawake wenzao, kwa saa wanazotaka wao. Mjamzito mwambieni asikatishe unga ghafla peke yake, kwa kuwa arosto kali inaweza kumdhuru aliye tumboni. Methadoni anaruhusiwa, na hiyo ndiyo njia ya salama.

Kisha nendeni majumbani. Hizi nyumba zimeumia, wanangu. Mtoto ameuza mtungi wa gesi, ameuza simu ya baba, ameuza sufuria ikiwa na mboga ndani. Nimeziona sahani zinazotolewa nje ya mlango wa uani, zimefunikwa kwa kawa, kwa sababu mama amemkataza mwanawe kuingia ndani lakini hakuweza kumkataza chakula. Msimhubirie mama huyo msamaha. Sahani ile ni huduma kama yenu. Msifuni kwayo, mwelezeni dalili za kuzidisha, mwachieni namba zenu za simu. Mlango utafunguka kwa wakati wake, nao usipofunguka, sahani iendelee.

Kwa serikali na viongozi wa dini, tangulieni kabla hamjaitwa. Mjumbe, mtendaji wa mtaa, mkuu wa kituo cha polisi, imamu na mchungaji, wote wawajue kwa sura na barua ya utambulisho. Sheria ya mwaka 2015 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inafanya kazi yake dhidi ya wauzaji, na kliniki za methadoni nazo ni kazi ya serikali hiyo hiyo. Hakuna ugomvi hapo. Lakini askari akiwakamata watu kwa sababu ya kukutwa na sindano, watu watazitupa vichakani na kuchangia moja. Mwelezeni hivyo kwa upole, ofisini kwake, siyo barabarani. Pwani ya Kenya mwaka 2012, mpango wa kugawa sindano ulipotangazwa, baadhi ya viongozi wa dini waliupinga kwa nguvu. Msiwadharau wanaopinga. Wengi wao ndio wanaowaswalia na kuwazika vijana hawa. Waalikeni, wakae na mzazi mmoja, wasikie.

Wale mnaowahudumia wafanyeni viongozi. Mpango wa mwanzo wa kubadilishana sindano duniani ulianza Amsterdam mwaka 1984, na waliouanzisha ni chama cha watumiaji wenyewe, walioogopa homa ya ini isiwamalize. Aliyepitia unga anafungua milango ambayo mimi nimebisha miaka mingi ikabaki imefungwa. Ila msimtumie kama punda wa mradi. Mpeni posho anayopewa mwingine, mpeni kiti mezani pale mipango inapopangwa, na akirudi nyuma siku moja msimfukuze kama mbwa.

Jitunzeni pia. Pateni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ukichomwa na sindano, osha kwa maji na sabuni, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaanze dawa za kinga. Mwisho ni saa 72. Msitembee peke yenu. Msikopeshe pesa. Siri ya mtu ni amana, hata kwa mke, hata kwa mume. Na mkimzika mmoja wao, lieni. Kisha pumzikeni siku mbili mrudi.

Fedha zitakuja na kuondoka. Mwaka 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa ghafla, huduma nyingi za aina hii Afrika zilitikisika, na watu walioajiriwa kwa miaka wakarudishwa nyumbani. Wafadhili wakija wapokeeni kwa shukrani, lakini jengeni kazi ambayo haifi wakiondoka: nesi mmoja wa zahanati anayewajua kwa jina, duka la dawa linalowauzia sindano bila kejeli, msikiti na kanisa vinavyochangia nauli, bajeti ya halmashauri mnayoidai kila mwaka bila kuchoka.

Huo ndio wosia wangu. Wakiwauliza wangapi wameacha, wapeni hesabu kwa ukweli, na muwape na hesabu ya walio hai. Mwenyezi Mungu awape subira, awalinde na choyo na kiburi, awafungulie milango ya watu. Jumatatu alfajiri boksi za sindano zinachukuliwa zahanati. Msichelewe.

Bibi yenu,
Temeke