Mawe Chini ya Migomba

Likizo ya Krismasi ya mwaka wangu wa kwanza wa jiolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilimkuta Baba akizibua mfongo nyuma ya nyumba yetu hapa Machame. Nikaokota jiwe jeusi lenye chembe nyeupe, nikamweleza kwamba liliwahi kuwa uji wa moto, na kwamba udongo unaolea migomba na kahawa yetu umetokana na mawe kama hayo yaliyooza. Alifurahi. Kisha akauliza, "Na mlima wenyewe una miaka mingapi?"

Nikamwambia Shira ulianza kulipuka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, wakafuata Mawenzi na Kibo.

Baba ni mzee wa kanisa. Aliweka jembe chini. "Rebmann aliona theluji hapo juu mwaka 1848, wasomi wa Ulaya wakamkatalia. Wasomi hukosea, mwanangu."

"Wao hawakuwa wamefika, Baba. Rebmann aliona kwa macho yake. Na sisi tunayaona mawe."

Nilijibu haraka mno, najua. Jioni, kwenye sala ya nyumbani, hakunipa Biblia nisome, kazi niliyoifanya tangu darasa la tatu. Alimpa mdogo wangu. Ikawa hivyo hadi nilipoondoka. Chuoni sikuacha ibada, lakini nilikaa nyuma karibu na mlango, nikijiuliza kama nimeiacha imani bila kujua.

Mwaka uliofuata tulikwenda kwa mafunzo hadi chini ya Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Hakuna volkano nyingine hai duniani yenye lava kama yake: hutoka nyeusi, na joto la nyuzi 500 hivi, karibu nusu ya lava za kawaida, ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe kwa siku chache. Wenzangu walipiga picha. Mimi niliomba, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, bila kumweleza Mungu umri wa kitu chochote.

Nilimletea Baba kipande. Alikiweka dirishani kando ya kitabu cha nyimbo, kikawa kinapukutika hadi Mama akatishia kukifagia.

"Kiache hapo," Baba akasema. Usiku huo alinisogezea Biblia. "Soma wewe. Mwanzo, sura ya kwanza. Polepole."

Ile milioni 2 hajaikubali, nami sijaitaja tena. Ila kila nikirudi nyumbani, kabla ya chai, huniuliza safari hii nimeona mlima gani.